Kaloleni: Nyumba Ndogo, Uwanja Mkubwa

Wageni wanaotumwa na wafadhili kuja kuangalia mitaa yetu ya Eastlands huwa na karatasi mkononi. Wanahesabu vyumba, wanahesabu watu, wanauliza choo kiko wapi na bomba hutoa maji siku ngapi kwa wiki. Tunawashukuru, maana bila hesabu hizo hakuna mradi unaoanza. Lakini ripoti ikirudi, mtaa unaosomwa humo ndani ni shida tupu, mpaka mtu aliyezaliwa hapo anajiuliza, hivi hapa ni kwetu ama wanasema kwingine?

Kwa hivyo sisi tunaofanya kazi ya maendeleo chini ya kanisa tumeona tueleze, kwa faida ya wasomaji wetu walio mbali na hata walio jirani, jinsi watu wa mitaa hii wanavyoishi na kwa nini wanaishi hivyo. Tumechagua Kaloleni, kando ya Barabara ya Jogoo, Nairobi. Mengi tutakayoyasema ni kweli pia kwa Shauri Moyo, Makongeni, Bahati na Maringo, ingawa kila mtaa una mwenyewe wa kuutetea.

Kwanza, historia kidogo. Serikali ya mkoloni kwa miaka mingi ilimwona Mwafrika wa mjini kama mtu wa kupita. Alikuwa mkono wa kazi, mwanamume asiye na mke, ambaye kazi ikiisha atarudi kijijini. Nyumba alizojengewa zilikuwa za kulala tu, wanaume kadhaa chumba kimoja. Ni katika miaka ya 1940 ambapo Kaloleni ilijengwa kwa mawazo tofauti: mfanyakazi ana mke, ana watoto, na watoto wanataka shule na mahali pa kucheza. Wafungwa wa vita kutoka Italia walitumiwa katika ujenzi. Kuta ni za mawe, paa ni la vigae. Nyumba zilipangwa makundi makundi zikizunguka viwanja vya nyasi, na katikati ya mtaa wote ikawekwa jumba la mikutano, lile tunaloliita Social Hall. Mtindo huo ulitoka Uingereza, walikokuwa wakijenga miji yenye bustani.

Tusidanganyane, wakoloni hawakuacha ubaguzi wao kwa sababu ya bustani. Nyumba zenyewe zilikuwa ndogo sana, na Mzungu wa Muthaiga asingekubali kufuga mbuzi humo. Hata hivyo huo udogo wa nyumba na ukubwa wa uwanja ndio uliozaa tabia ya Kaloleni. Chumba kilikuwa cha kulalia na kuwekea vitu. Kupika, kufua, kusuka nywele, kusoma, kugombana na kupatana, yote yalifanyika nje mbele ya majirani. Ukikaa kwa kiti mlangoni unaona milango mingine kumi, na hiyo kumi inakuona wewe. Mgeni akiingia uwanjani anaulizwa mara moja, "Unatafuta nani?" Wengine hudhani huo ni umbea. Umbea upo, hatukatai, lakini mwizi naye anaulizwa swali hilo hilo.

Mama anayekwenda Gikomba saa kumi na moja alfajiri kutafuta bidhaa hana haja ya kulipa mtu wa kumwangalilia mtoto. Anagonga kwa jirani, anasema, "Mama Otieno, nakuachia huyu," na maneno yanaishia hapo. Jioni mtoto huyo ameshakula nyumba mbili na kukaripiwa katika tatu. Tafadhali msomaji, jaribu kupiga hesabu ya jambo hilo kwa shilingi: malezi ya siku nzima, mara sita kwa wiki, kwa miaka yote mtoto anapokua. Halafu utafute katika zile ripoti uone limeandikwa wapi.

Watu wa mitaa hii wanaweza kukusomea historia kwa majina tu. Kariokor ni wale wapagazi wa Vita vya Kwanza, Carrier Corps, na ulimi wetu ukafupisha. Burma, kwenye soko la nyama, ni kumbukumbu ya askari waliorudi kutoka vita vya Burma. Ofafa ni Ambrose Ofafa, diwani aliyeuawa 1953, na Mbotela ni Tom Mbotela, aliyeuawa 1952. Shauri Moyo ilijengwa mwishoni mwa miaka ya 1930 kwa ajili ya watu waliohamishwa kijiji chao cha Pangani kilipobomolewa, nao wakasema basi, kwenda huko ni shauri ya moyo wa mtu. Halafu Jerusalem na Jericho, na hapo kanisa hatuna la kuongeza.

Turudi kwa lile jumba katikati ya Kaloleni, kwa sababu bila hilo hadithi haikamiliki. Tarehe 23 Aprili 1950 chama cha KAU na kile cha Wahindi, East African Indian National Congress, vilifanya mkutano wa pamoja ndani ya jumba hilo. Aliyesimama kutoa hoja alikuwa Makhan Singh, kiongozi wa vyama vya wafanyakazi. Alitaka nchi za Afrika Mashariki zipewe uhuru kamili, tena upesi. Wakati huo hata wazalendo wengi walikuwa bado wanaomba viti vichache zaidi katika baraza la kutunga sheria. Kabla ya mwezi kuisha, tarehe 15 Mei, yeye na Fred Kubai wakakamatwa, na wafanyakazi wa Nairobi wakaweka vifaa chini wakagoma siku kadhaa. Makhan Singh hakuonja uhuru tena mpaka Oktoba 1961.

Baadaye Tom Mboya naye aliwahutubia watu wa Kaloleni, na wakaazi wakazoea kuliita jumba lao bunge. Jambo la kutazama ni kwamba waliojaa humo walikuwa makarani, watu wa reli, wapishi, mafundi na wafagiaji wa Baraza la Jiji. Mtu alitoka kazini Viwandani kwa miguu, akavuka reli, akanawa uso bombani na kuingia mkutanoni. Hakuhitaji nauli wala ruhusa ya mwenye ukumbi. Wiki hiyo hiyo jumba lilitumika kwa dansi, kwa harusi, kwa mazoezi ya kwaya. Tumekuta watu wanaodhani siasa ya nchi hii ilitengenezwa London kwenye meza za mikutano. Ilitengenezwa huko pia, sawa. Lakini hoja zilizopelekwa huko zilipigwa msasa kwanza kwenye mabenchi ya kumbi kama hii na ile ya Pumwani.

Mahali hapo pia palikuwa na gharama yake. Tarehe 24 Aprili 1954, katika ile operesheni iliyoitwa Anvil, majeshi ya Uingereza yaliizingira Nairobi na kukamata watu zaidi ya 20,000, wengi wao Wakikuyu, Waembu na Wameru kutoka mitaa ya Eastlands. Bahati na Pumwani zilibaki na milango mingi isiyo na mtu. Kaloleni, iliyokuwa na Wajaluo na Waluhya wengi, haikuumizwa kiasi hicho, na wako wazee wanaosema tofauti hiyo iliacha kidonda cha kutoaminiana ambacho kinafunguka kila mwaka wa uchaguzi. Sisi tunaona wana haki ya kusema hivyo. Mtaa unaosaidiana si mtaa wa malaika.

Sasa tueleze matanga, kwa maana hapo ndipo mgeni hukosea zaidi. Mtu akifariki Kaloleni, jioni hiyo hiyo mabenchi yanatolewa nje. Taa inavutwa kutoka nyumba ya karibu, meza ndogo inawekwa, na juu ya meza kuna daftari la kawaida la shule. Mtu anayeaminika anakaa nalo. Kila anayekuja kutoa pole anataja jina lake na anachotoa, shilingi hamsini, mia mbili, elfu moja, nacho kinaandikwa na kusomwa kwa sauti. Hiyo inaendelea kila jioni mpaka pesa za jeneza, mochari na gari la kwenda Siaya, Busia, Vihiga ama Machakos zitimie. Kwaya ya kanisa huimba, akina Roho nao huja na ngoma zao na kanzu nyeupe, na aliye Mwislamu huja kukaa kimya kidogo na kuweka chake.

Mfadhili mmoja mmoja ametuuliza, mbona watu maskini wanatumia pesa nyingi hivyo kwa maiti, si wangepeleka watoto shule? Swali linaonekana la maana. Lakini angalia lile daftari. Halitupwi. Likifungwa linakaa ndani ya sanduku miaka na miaka, na siku jirani akipatwa na msiba, familia inalifungua kuona yeye alitoa nini. Kwa hivyo kile kitabu ni akiba na bima kwa pamoja, na dhamana yake ni kwamba wote wanaonana kila asubuhi bombani. Ambaye hakuwahi kutoa hatafukuzwa, ila jioni yake itakuwa na mabenchi matupu. Kijana aliyepata ajali ya matatu hukusanyiwa karo ya hospitali kwa njia ile ile, na mtoto aliyeitwa shule ya bweni pia.

Mambo haya hayakuanza jana. Wakati wa mkoloni vyama vya kikabila kama Luo Union na Abaluhya Association vilifanya kazi hiyo ya kusafirisha maiti na kusaidia wagonjwa, kwa kuwa hakuna mwingine aliyejali. Vilipeleka pia nguvu zao kwenye mpira. Abaluhya United ilianzishwa 1964 na ndiyo AFC Leopards tangu 1980, na Gor Mahia ilianzishwa 1968. City Stadium iko hapo mtu anapoweza kusikia kelele za bao akiwa jikoni. Jumapili ya mechi kati ya timu hizo mbili tumeona ndoa za Kaloleni zikigawanyika mpaka saa moja usiku, halafu chapati zinapakuliwa na maisha yanaendelea.

Hatufichi mabaya ya matanga. Disko matanga, zile za muziki wa usiku kucha, zimeharibu wasichana wengi, na mara nyingine anayeshika daftari hushika na pesa. Kanisa limepiga kelele na litaendelea. Ila anayetaka kulifuta daftari lenyewe kwa sababu ya disko atakuwa amechoma nyumba kwa kumfukuza panya.

Jambo jingine ni biashara ya kadogo. Mtu anayelipwa kwa siku hawezi kununua mafuta ya kupikia chupa nzima, basi mwenye duka humpimia ya shilingi ishirini. Sukari hivyo hivyo, majani chai hivyo hivyo. Ni kweli ukijumlisha, maskini hulipa zaidi kwa kilo kuliko tajiri wa supamaketi. Tumelisema hili katika semina na akina mama wakatucheka. Mmoja alitueleza kwamba supamaketi haijawahi kumwandikia deni. Mama wa kibandani anamjua mume wake amefutwa kazi, anajua mwisho wa mwezi ni lini, anaandika jina na kusubiri. Hiyo bei ya juu ndiyo riba ya kuaminiwa. Ndiyo maana miradi ya duka la bei nafuu isiyokopesha imekufa mitaani humu, na ile ya vyama vya akina mama vya kuzungushiana pesa, meri-go-raundi, inaishi.

Na lugha? Uwanja mmoja unaweza kuwa na Mjaluo, Mluhya, Mkamba, Mkikuyu na Mnubi. Wazazi waliongea Kiswahili cha kuombea chumvi, kila mtu na ladha ya kwao. Watoto wao walicheza pamoja tangu kutambaa, wakachukua Kiswahili hicho, wakakitia Kiingereza cha shuleni na maneno ya nyumbani, wakakipindua. Ndipo ikatoka Sheng, ambayo wataalamu wengi wanakubali ilikomaa hapa Eastlands miaka ya 1960 na 1970. Shilingi ishirini ikawa mbao, mia ikawa soo, nyumba ikawa keja. Walimu wanalia kwamba insha zimeharibika, nao hawakosei. Lakini hebu fikiria: watoto wa makabila ambayo wanasiasa huyagonganisha walijitengenezea lugha isiyo ya kabila la mtu yeyote, bila kamati na bila bajeti. Katika mikutano ya vijana siku hizi tunawaacha waseme watakavyo, na katibu huandika kumbukumbu kwa Kiswahili sanifu.

Tufike sasa kwa mambo yanayouma. Kaloleni iliwekwa kwa ajili ya watu wenye kazi ya mshahara: reli, jiji, viwanda. Kuanzia miaka ya 1990 kazi hizo zilipungua. Wafanyakazi wa serikali na mashirika walipunguzwa, na 2006 reli ikakabidhiwa kampuni binafsi. Baba akarudi nyumbani na barua na pesa kidogo. Afanye nini? Akaangalia ule uwanja wa mbele akaona nafasi. Akasimamisha chumba cha mabati, akampangisha kijana. Jirani akaona, naye akaweka vyumba viwili. Leo ukizunguka mtaani, nyumba ya mawe ya wakati ule imezungukwa na mabati kama kuku na vifaranga. Kodi ya vyumba hivyo ndiyo imesomesha watoto wa wazee wengi wastaafu, na sisi hatuna uso wa kuwalaumu. Lakini kila chumba kinachoongezwa kinamega uwanja, yaani kinamega mahali pa mabenchi ya matanga, pa watoto, pa kuanika nguo. Vyoo na maji taka ni yale yale ya familia chache za 1948.

Tena kuna hatari ambayo haionekani kwa macho. Nyumba za Kaloleni ni za serikali ya kaunti, ambayo ilizirithi kutoka Baraza la Jiji mwaka wa 2013. Katika daftari la kaunti kuna mpangaji mmoja kwa kila nyumba, mara nyingi jina la mzee aliyekwisha fariki. Mtoto wake anaishi humo, mjukuu pia. Yule wa mabati hayumo kabisa katika karatasi yoyote, hata kama amekaa miaka ishirini na jina lake liko katika madaftari ya matanga hamsini.

Kwa nini tunataja hayo? Kwa sababu mitaa ya kale ya jiji inajengwa upya. Pangani, mtaa mdogo wa nyumba 48 za kaunti, ulibomolewa 2020 ili mahali pake pasimame nyumba 1,562 za ghorofa. Bahati, Maringo, Jericho, Lumumba na Ziwani zilitajwa katika mpango wa awamu iliyofuata, na anayedhani Kaloleni, iliyo karibu hivyo na katikati ya jiji, itasahauliwa anajidanganya. Hatupingi nyumba mpya. Vigae vinavuja, mabomba yameoza, na mama mjamzito hapaswi kupanga foleni ya choo usiku. Wakaazi wengi tuliozungumza nao wanataka nyumba mpya kuliko hata hao wahandisi.

Wasiwasi wetu ni juu ya maswali yanayoulizwa, maana ni yale yale ya karatasi za wageni: vyumba vingapi, familia ngapi. Mama anayeuza mandazi mlangoni atauzia nani akiwa ghorofa ya kumi na moja? Mwili ukilala mochari, watu mia mbili watakaa wapi jioni, kwenye ngazi? Nani atamwona mtoto aliyeachwa? Na ukumbi uliosikia hoja ya uhuru mwaka wa 1950, je, utabaki ukumbi wa wananchi au utakuwa wa kukodishwa na mwenye pesa? Mhandisi akiulizwa maswali haya mapema anaweza kuyajibu kwa kalamu. Sakafu ya chini inaweza kuachwa wazi kwa vibanda. Uwanja mmoja unaweza kulindwa kwa kila majengo manne. Jumba linaweza kukarabatiwa na kuwekwa chini ya kamati ya wakaazi. Akiulizwa baada ya zege kukauka, hakuna wa kumlaumu.

Kwa hivyo tunawaomba wasomaji walio Kaloleni na mitaa ya jirani wafanye mambo machache bila kungoja notisi. Anayeishi katika nyumba iliyo kwa jina la marehemu atafute hati ya kifo na aende ofisi ya nyumba ya kaunti kuulizia utaratibu wa kubadilisha jina. Risiti za kodi zisifungiwe maandazi, ziwekwe. Wapangaji wa mabati na wenye mabati waandikiane, hata kama ni ukurasa mmoja uliowekwa sahihi na mashahidi wawili, ukionyesha mtu aliingia lini na analipa nini. Kila uwanja uandike orodha ya watu wake wote, wenye nyumba na wasio nayo, pamoja na biashara zilizo mlangoni, na uchague watu wawili wa kuileta katika mkutano wa hadhara mpango utakapoletwa kujadiliwa. Wanaoweka madaftari ya matanga na ya vyama vya akina mama tunawasihi wasiyatupe yaliyojaa. Wengine wetu tumeanza kuyapiga nakala, na yeyote anayetaka lake lipigwe nakala alilete ofisini baada ya ibada, litarudishwa siku hiyo hiyo.